Weusi wa Belarmino

Etelvina aliileta filamu ndani ya bahasha ya duka la dawa,
akaiweka kaunta kwa vidole viwili, kama mtu awekaye jino.
Mumewe, Belarmino, anatoka shimoni baada ya zamu ya usiku,
taa ya kofia bado inawaka, na ni mchana.
"Naitaka kubwa," akasema. "Mita moja na ushei.
Chama kimenipa ukuta."

Hapa Mieres migodi imefungwa; mvua haijafungwa.
Printa yangu iko nyuma ya pazia, pana kama kitanda cha wawili,
nami usiku huo nikaanza kutafuta weusi.

Msidhani weusi ni mmoja.
Kuna wa karatasi ing'aayo, kuna wa karatasi kavu ya pamba,
ukikosea huu kwa ule, kidole kinaondoka na picha.
Kuna kijivu cha kiwandani: kichungulie kwa lenzi
utakuta vitone vya samawati, vya waridi, vya manjano,
vimekubaliana kuitwa kijivu mradi taa isibadilike.
Chini ya mrija wa dukani Belarmino akaota ukijani wa bwawa;
dirishani akaona haya, kama bwana harusi.
Nikaichana.

Halafu zile chupa saba.
Masizi matupu, yamesagwa, yamezimuliwa hatua kwa hatua,
ya kwanza nyeusi tititi,
ya saba kama maji yaliyosuuza kikombe.
Moto huzaa jivu, tunajua;
huku jivu likazaa kijivu, kijivu kikazaa shavu,
mkunjo wa shingo,
vumbi juu ya kope.
Saa nane za usiku nilikuwa najipongeza:
mchimba makaa, kachapwa kwa makaa!

Sikulala. Masizi hayataki ulale.
Usipoyatikisa yanazama, yakizama yanaziba vitundu,
na mstari mweupe unapita kooni mwa mtu.

Ijumaa akaja, mwavuli unavuja sakafuni.
Nikampangia vipande karibu na dirisha, nikanyamaza.
Akalamba kidole gumba, akagusa pembe ya kile cha masizi.
"Hiki cha kahawia ni nini?"
Nikamweleza ujoto wake, nikamweleza kitatuzika sote,
mwisho, kwa majivuno, kimetengenezwa kwa nini.

Akanitazama kama atazamaye bili ya umeme.
"Mwanangu, masizi nimeyafua miaka thelathini na mmoja.
Kwenye kola. Kwenye foronya. Kwenye leso alizokoholea.
Leo unataka kuniuzia?
Na makaa hayana ukahawia. Umewahi kuyashika?
Ukiyapasua yana ubuluu, kama shingo ya kunguru."

Sikuwahi kuyashika. Baba yangu aliuza viatu.

Basi nikafungua seti ya baridi, yenye chembe za buluu,
ile nisiyoipenda kwa sababu haiahidi karne.
"Itadumu?"
"Miaka sitini, labda. Ukiiepusha na jua."
"Inatosha. Atakayeitazama baada ya hapo
hatakuwa anamtazama yeye."

Nikaweka karatasi. Kichwa kikaanza kwenda na kurudi,
kikishona kofia, kisha taa, kisha paji la uso.
Aligoma kukaa.
"Na weupe wa macho," akauliza, "unatoka chupa ipi?"
"Hakuna chupa, bibi. Huo ni karatasi yenyewe.
Pale wino haupiti."

Akafikiri. Mvua ikagonga bati la jirani.
"Basi usipite," akasema, akamwambia si mimi, mashine,
na mashine ikafika machoni, ikaruka, ikaendelea na pua.

Kipande cha masizi ninacho bado, ndani ya droo ya risiti.
Ni kizuri sana.
Kina mtu mwingine.